Kamera zimeondoka, mbona ndio kwanza naumia?

Swali: Daktari shikamoo. Mwaka jana kazini kwetu walivamia majambazi wenye silaha, mwenzangu mmoja akafariki palepale na mimi nikapigwa risasi ya paja. Video ya kamera ilisambaa sana. Wiki zile za mwanzo simu haikukata, waandishi, viongozi, watu nisiowajua wananitumia hela na maombi, na mimi nilikuwa imara tu, hata intaviu nilitoa. Sasa mwaka unakaribia, kimya. Kesi inaahirishwa tu. Nimerudi kazini lakini mlango ukifunguliwa kwa nguvu nashtuka hadi naangusha vitu, silali, mume wangu anasema si ulishapona wewe. Kinachoniaibisha zaidi ni kwamba nazimisi zile simu. Kuna mwandishi anataka tufanye kipindi cha kutimiza mwaka. Je niko sawa? Mbona naumia sasa na sio wakati ule? Na huyo mwandishi nimjibu nini?

Jibu: Marahaba dada yangu. Pole kwa risasi, pole kwa mwenzako, na pole kwa hiki kimya pia. Umeuliza matatu ila ntaanza na lile ulilolisema kwa aibu, la kuzimisi simu, kwa sababu nahisi ndio linalokufanya ushindwe kuwaambia watu wa nyumbani hayo mengine yote.

Hamna aibu hapo. Zile simu zilikuwa zinafanya kazi. Usiku ule akili inapoanza kurudisha picha, simu inaita na kuna mtu anakwambia tuko pamoja, wale ni washenzi, yaani kila siku anatokea mtu mwingine anathibitisha kwamba kilichokupata ni kweli na hukustahili. Halafu ulikuwa na nafasi yako, ulikuwa yule dada jasiri wa kwenye video, kila mtu anajua we ni nani na anajua akuulize nini. Vyote hivyo vikakatika ndani ya wiki chache bila hata mtu kukuaga, sasa ungeachaje kuvimisi? Watu walikuja kwa sababu ya habari, habari ikapoa wakahamia nyingine, hukuwachosha na wala hukuwakosea kitu. Mi ninaowaona wakiwa wamekaa vibaya kweli ni wale wanaoanza kujiuliza nilifanya nini hadi wameniacha, na swali hilo halina jibu kwa sababu hamna ulichofanya.

Sasa mbona ukaumia leo na sio wakati ule. Hebu kumbuka wiki zile ulikuwa na kazi ngapi: hospitali, kidonda, kutoa maelezo polisi, msiba wa mwenzako, wageni, simu. Mwili ukiwa kwenye dharura unafanya kama umeganda, mtu anaongea vizuri, anacheka hata, na watu wakamwona wanasema huyu ni chuma. Wengi hapo hawasikii chochote. Maumivu yanasubiri hadi pawe na utulivu kidogo ndio yaanze kujitokeza, na utulivu huo kwa bahati mbaya unakuja wakati mmoja na watu kuondoka, kwa hiyo mtu anadhani ameanza kuwa dhaifu wakati mwili ndio kwanza umepata nafasi ya kusema.

Kwenye taaluma hili linajulikana vizuri tu. Ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ule unaofupishwa PTSD, uliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya wanajeshi waliotoka vita ya Vietnam na watu waliokuwa wanahudumia wanawake waliobakwa kupiga kelele miaka mingi kwamba hawa watu sio waoga na hawajirogi wenyewe. Dalili zake kuu ni kama hizo ulizoniandikia, kushtuka kupita kiasi, usingizi kukatika, picha kurudi zenyewe au kwenye ndoto, kukwepa sehemu na mazungumzo yanayokumbusha, na ile hali ya kuona dunia yote si salama na pengine kosa ni langu. Hausemwi kabla ya mwezi mmoja kupita tangu tukio kwa sababu mwezi ule wa kwanza karibu kila mtu anakuwa hivyo. Na wapo ambao dalili zinatimia baada ya miezi 6 au zaidi, hilo nalo limeandikwa humohumo, kwa hiyo mtu akikwambia imekuwaje uanze sasa hivi, jua yeye ndiye hana habari.

Siwezi kukupima kwa ujumbe wa simu, ila nasema hivi: watu wengi wanaopitia matukio kama lako wanapata nafuu wenyewe pole pole ndani ya miezi ya mwanzo, bila mtaalamu. Wewe mwaka unakaribia na bado unaangusha vitu. Kusubiri kumeshafanya kazi yake, iliyobaki inataka tiba. Paja lako lilishonwa na bila shaka mtu alikufundisha kulikanyagia tena, hakuna aliyesema tuliache litazoea lenyewe, sasa na huku ni hivyohivyo.

Na kama wiki ile kazini walileta mshauri akawakalisha wote kwenye duara mkasimulia mlichoona halafu akaondoka na hukuona faida, usihesabu kwamba ushauri nasaha ulishajaribiwa ukashindwa. Kile kikao cha mara moja cha kusimulishana mapema kimefanyiwa utafiti sana na hakizuii ugonjwa huu, Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kisitumike kwa ajili hiyo. Tiba yenyewe ni kitu tofauti. Ipo ile ya mazungumzo inayochambua mawazo yaliyokwama (kama "ningepiga kelele mapema mwenzangu angepona"), Patricia Resick aliianza na wanawake waliobakwa na kwa kawaida inakwenda vikao 12. Ipo ya Edna Foa ya kurudi kwenye kumbukumbu hatua kwa hatua ukiwa mahali salama, vikao 8 hadi 15 hivi. Ipo na ile ya kufuatisha macho huku unakumbuka, EMDR, ya Francine Shapiro, kwa nje inaonekana kama mchezo lakini Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013 pamoja na zile za mazungumzo. Ukienda muulize mtaalamu waziwazi, wewe unatibu kiwewe kwa njia gani na tutakaa vikao vingapi, akibabaika tafuta mwingine, sio dharau hiyo. Ni miezi michache, sio maisha yako yote kwenye kiti cha mtu.

Dawa za usingizi na za kutuliza zile za kuazimana kwa jirani achana nazo, na pombe ya kutafutia usingizi vilevile. Unalala saa chache halafu usiku wa manane unaamshwa na kila kitu kwa pamoja. Dawa za kweli zipo, daktari akikuona ndio ataamua. Na ikitokea umeanza kuwaza bora na mimi ningekwenda na mwenzangu, hilo usisubiri miadi, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu mume wako. Mi simuoni kama mtu mbaya, nahisi naye ana hamu ya hili jambo kuisha maana alikaribia kukupoteza na hajapata pa kulisemea. Ila "si ulishapona" ni sentensi inayofunga mlango, na nyuma yake kuna kitu ambacho watu wote wanacho. Melvin Lerner, mwanasaikolojia, alionyesha tangu miaka ya 1960 kwamba binadamu tunapenda kuamini dunia inatenda haki, mabaya yanawapata waliokosea mahali, kwa hiyo aliyeumizwa bila kosa akikaa mbele yetu muda mrefu anatutia hofu, tunamtafutia kosa au tunamtaka apone haraka atuondolee hilo wazo. Ndio maana komenti za mwanzo zilikuwa pole dada na za mwishomwisho zikawa mbona yeye alipona, mbona anatembea, zile hela alipeleka wapi.

Mnorwe mmoja wa elimu ya uhalifu, Nils Christie, aliandika mwaka 1986 kuhusu mwathirika anayependwa na jamii: awe mnyonge, awe alikuwa anafanya jambo la heshima, awe mahali ambapo hakuna wa kumlaumu, na aliyemdhuru awe mtu mbaya asiyemfahamu. Wewe ulitimiza vyote siku ile. Shida ni kwamba mtu hawezi kubaki hivyo, kesho anakasirika, anadai fidia, anaenda sherehe anacheka, na hapo huruma inageuka. Natascha Kampusch wa Austria alitekwa mwaka 1998 akiwa na miaka 10, akatoroka mwenyewe mwaka 2006, dunia nzima ikamlilia, halafu kwa kuwa aliongea kwa kujiamini na hakutaka kusema kila kitu walichotaka kusikia, akaanza kutukanwa, wengine wakadai kuna anachoficha. Miaka minane ndani ya nyumba ya mtu na bado wakaona hajaumia inavyotakiwa! Sasa wewe nani atakuridhikia? Usijaribu hata.

Kwa mumeo usitumie neno "niko vibaya", litamtisha na hatajua afanye nini. Mpe kitu cha mkono. Mwambie mimi mlango ukigongwa kwa nguvu mwili unadhani ni siku ile, naomba ukirudi upige simu kwanza ndio ugonge. Mwambie usiku nikiamka usiniulize maswali, washa taa tu ukae. Na hao wengine hivyohivyo, katika wale mamia waliopiga simu huhitaji mia, wachague wawili au watatu ambao waliendelea kukusalimia hata kwa meseji fupi, mmoja mwombe awe anakusindikiza mahakamani, mmoja akutunzie makaratasi, mmoja awe wa kupigia jioni zile ngumu. Wengi wamenyamaza kwa sababu wanaogopa kukukumbusha (kana kwamba umesahau!), ukiwapa kazi ndogo yenye jina wanarudi.

Nikuambie pia kwamba hili la umakini wa watu kuisha kabla ya kidonda lipo kila mahali na zipo serikali zilizolazimika kulifanyia kazi. Norway baada ya mauaji ya tarehe 22 Julai 2011, waliouawa 77 na kati yao 69 kwenye kisiwa cha Utøya, hawakungoja manusura waombe msaada, kila manispaa ilitakiwa kuwafuata wale wa kwake na kuwapa mtu maalum wa kuwasiliana nao, angalau kwa mwaka mmoja. Watafiti wakaendelea kuwahoji hadi zaidi ya miaka minane baadaye, na hata huko kwenye pesa na mipango wakakuta wapo ambao bado wana shida na msaada ulishapungua. Marekani mfuko wa fidia wa mashambulizi ya kigaidi ya Septemba 11, 2001 ulifungwa baada ya miaka michache, watu wakazidi kuugua, ukafunguliwa tena mwaka 2011, na sheria ya 2019 ikaruhusu watu kudai hadi mwaka 2090. Miaka karibu tisini! Halafu wewe unaambiwa mwaka mmoja ni mwingi.

Sasa kesi, hapa ndio nataka ukae vizuri. Kuahirishwa kunaumiza kwa namna yake kwa sababu kila tarehe unajiandaa, hulali siku tatu, unavaa, unafika, unaambiwa mwende. Huwezi kuizuia mahakama ila unaweza kuacha kuwa wa mwisho kujua. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 kuhusu waathirika wa uhalifu linasema mwathirika aambiwe kesi yake imefikia wapi, atendewe kwa heshima, maoni yake yasikilizwe, na asaidiwe kupata fidia. Sio sheria ya kumshtaki mtu nayo, lakini nchi nyingi zimetunga za kwao kwa kufuata mstari huo, kwa hiyo una haki ya kuuliza. Andika namba ya kesi, jina la mpelelezi na la mwendesha mashtaka kwenye daftari moja, na umuombe yule mtu wako wa makaratasi awe anapiga simu siku moja kabla ya kila tarehe kuuliza kama kweli itasikilizwa. Utajiokolea safari za bure nyingi.

Uliza pia mambo mawili kabla ya muda kupita. La kwanza fidia: kuna ile ya mahakama kumwamuru mkosaji alipe, na kuna ile ya serikali kwenye nchi zilizo na mfuko huo, New Zealand ndio walianza kwa sheria ya mwaka 1963. Mifuko hii huwa ina tarehe ya mwisho ya kuomba na mara nyingi inataka uwe uliripoti polisi, kwa hiyo usisubiri hukumu ndio uulize. Na kwa kuwa uliumia ukiwa kazini uliza na fidia ya kazini, ni faili lingine kabisa. La pili, kama mkosaji akipewa dhamana au akitoka nani atakuambia? Wapo wanaokutana naye njiani ndio wajue. Mwombe mwendesha mashtaka kwa maandishi ujulishwe, na ubaki na nakala.

Hukumu yenyewe usiiwekee matumaini ya kukuponya. Nasema hivi nikijua utaudhika, maana najua unaisubiri. Wengi ninaoongea nao wanasema siku ya hukumu walipata ahueni, wakalala, halafu wiki mbili baadaye wakajikuta palepale na safari hii hawana hata tarehe ya kungojea. Haki ni yako idai, ila tiba ianze sasa isingojee hakimu. Na wale watakaokuambia samehe ndio utapona, msamaha ukija ni wako na Mungu wako, hauna ratiba, na yapo majeraha yaliyopona vizuri kabisa bila huo msamaha.

Zile hela ulizotumiwa hujaniuliza ila najua zinaleta maneno. Hazikuwa mkopo na huna deni la kuwa na furaha mbele ya waliochanga. Kama zipo zilizobaki zitenge za tiba na za usafiri wa mahakamani kwanza, ndugu wenye shida zao watakuja baada ya hapo.

Tuje kwa mwandishi. Mi sisemi ukatae na sisemi ukubali, ila sikubaliani na kipindi chenyewe kuwekwa tarehe ileile. Wiki zinazozunguka siku ya kutimiza mwaka dalili huwa zinapanda zenyewe kwa watu wengi, hata kwa aliyesahau tarehe mwili unakumbuka, na nadhani ndio sehemu ya hiki unachokisikia sasa. Kukaa mbele ya kamera siku hiyo ukisimulia tena kuanzia mlango ulivyofunguliwa, halafu jioni mwandishi anafunga vifaa anaondoka na wewe unabaki na usiku, hapana. Kama ana nia njema atakubali mwezi mmoja au miwili mbele. Muulize kabla: maswali ni yapi, nitaruhusiwa kusema hili sijibu, nitaona kabla hakijarushwa, mtaonyesha ile video? Hilo la mwisho ndio kipimo changu, akisema lazima video irushwe tena basi kipindi ni cha video, wewe ni pambo. Na mpigie wakili au mwendesha mashtaka kwanza, wewe ni shahidi, maneno ya kwenye luninga yanaweza kusomwa mahakamani na upande wa pili.

Ukikubali, nenda na kitu unachotaka wewe kisikike. Labda kucheleweshwa kwa kesi, labda familia ya mwenzako imeachwaje. Umakini wa watu ukiwa na kazi maalum ya kufanya hauumizi ukiondoka kama ule uliokuja kwa ajili ya machozi yako tu. Ukikataa jibu fupi linatosha, "asante, kwa sasa siongelei hili", hudaiwi sababu.

Video yenyewe kule mtandaoni, usiwe unaitafuta usiku. Mpe mtu mwingine simu aikague, aziripoti zile nakala zenye damu na zenye mwenzako akianguka, mitandao mikubwa yote ina sehemu ya kuripoti picha za ukatili na mara nyingi wanaondoa au wanaziba. Kwa walioko Ulaya kuna hukumu ya mahakama ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014 dhidi ya Google, mtu anaweza kuomba habari za zamani zisizo na maana tena zisitokee jina lake likitafutwa. Kwingine inategemea sheria za hapo ila kuomba hakukatazwi, mwandikie mhariri kwa upole kwamba jina lako lifichwe, wapo wanaokubali.

Kwa wiki hii fanya mawili tu, miadi ya mtaalamu na simu kwa mwendesha mashtaka. Siku yenyewe ya kutimiza mwaka usiende kazini kama unaweza kuomba ruhusa, na usibaki peke yako, ukitaka nenda ukawaone watu wa marehemu mwenzako, nao simu zao zimenyamaza. Ukishajua tarehe ya kesi niandikie, maana kuna mahakama zinazomruhusu mwathirika kueleza tukio lilivyomwathiri kabla ya adhabu kutolewa, na hayo maelezo hayaandikwi usiku mmoja.